Uhakiki wa Vitendakazi Saidizi vya Kutoa Muhtasari wa Orodha za Namba: Mfano wa Takwimu za Sensa katika Wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoani Kagera

Ikisiri

Makala haya yanahakiki vitendakazi saidizi vya kutoa muhtasari wa orodha za namba katika msimbo wa kompyuta, yaani vipande vifupi vya programu vinavyopokea orodha na kurejesha jumla, wastani, mediani, modi, robo au mkengeuko sanifu. Vilivyohakikiwa ni vitendakazi vya lugha za Python na R, vya maktaba za NumPy na pandas, na vya lahajedwali ya Excel. Data iliyotumika kuvipima ni idadi ya watu wa Mkoa wa Kagera kwa mujibu wa sensa za mwaka 2002 na 2012, huku wilaya za Ngara na Biharamulo zikipewa uzito wa pekee. Uhakiki unabainisha kuwa kila kitendakazi cha aina hii kimebeba uamuzi kuhusu nini kihesabiwe, nini kiachwe na nini kisemwe pale jibu linapokosekana. Uamuzi huo ukijificha, tofauti ya makumi elfu ya watu inaweza kuingia katika ripoti bila kosa lolote la hesabu. Makala yanahitimisha kwamba ubora wa kitendakazi saidizi haupimwi kwa usahihi wa hesabu peke yake, bali pia kwa kiasi kinachomwonesha mtumiaji uamuzi kilioufanya kwa niaba yake.

1.0 Utangulizi

Katika uandishi wa programu, kitendakazi ni kipande cha msimbo chenye jina, kinachopokea kitu, kukifanyia kazi na kurejesha jibu. Waandishi wengi wa programu nchini hukiita fanksheni. Kitendakazi saidizi ni kile ambacho hakibebi lengo kuu la programu, bali huitwa mara kwa mara ili kurahisisha kazi inayojirudia. Miongoni mwa vitendakazi hivyo, vile vya kutoa muhtasari wa orodha za namba ndivyo vinavyoandikwa mapema zaidi na kuchunguzwa kwa nadra zaidi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huandika kitendakazi cha wastani kwa mistari miwili: jumlisha namba zote, gawa kwa idadi yake. Baada ya hapo hukiamini maisha yake yote.

Imani hiyo ndiyo inayohakikiwa hapa. Tatizo linalochunguzwa si iwapo vitendakazi hivi vinajua kujumlisha na kugawa, kwani vinajua. Tatizo ni kwamba kila muhtasari ni ufupisho, na kila ufupisho unaacha kitu. Anayefupisha shairi huchagua beti za kutaja na kuwajibika kwa uchaguzi wake. Kitendakazi nacho huchagua, ila uchaguzi wake umefanywa na mtu mwingine, mahali pengine, kabla namba za Kagera hazijafika mbele yake.

Athari za jambo hili ni za kweli. Idadi ya watu ni kigezo kikubwa katika kanuni za mgao wa ruzuku kwa halmashauri, na ndiyo kigawanyo cha viwango vingi vinavyotumika katika mipango ya afya na elimu. Ofisa anayeandaa ripoti ya wilaya kwa nadra huandika kanuni ya hesabu kwa mkono wake. Huita kitendakazi kilichokwisha kuandikwa, kisha hunakili jibu. Kwa hiyo, msimamo wa kitendakazi hugeuka kuwa msimamo wa ripoti.

2.0 Data na Mizani ya Uhakiki

Data ya msingi ni orodha mbili za idadi ya watu. Orodha ya mwaka 2002 ina maeneo sita ya kiutawala, na ya mwaka 2012 ina maeneo manane, kama inavyooneshwa katika Jedwali Na. 1.

Jedwali Na. 1: Idadi ya watu mkoani Kagera, sensa za 2002 na 2012

| Eneo | 2002 | 2012 |
|---|---|---|
| Biharamulo | 410,794 | 323,486 |
| Bukoba Vijijini | 395,130 | 289,697 |
| Bukoba Manispaa | 81,221 | 128,796 |
| Karagwe | 425,476 | 332,020 |
| Kyerwa | haikuwapo | 321,026 |
| Missenyi | haikuwapo | 202,632 |
| Muleba | 386,328 | 540,310 |
| Ngara | 334,939 | 320,056 |
| Jumla | 2,033,888 | 2,458,023 |

Orodha fupi imechaguliwa kwa makusudi. Katika orodha ya namba milioni moja, uamuzi wa kitendakazi hujificha ndani ya wingi. Katika orodha ya namba nane, msomaji anaweza kuhakiki kila hatua kwa kalamu na karatasi.

Mizani ya uhakiki ni mitatu. Wa kwanza ni uwazi: je, jina la kitendakazi na vigezo vyake vinamwambia mtumiaji kitakachofanyika? Wa pili ni ukataaji: je, kitendakazi hukataa kujibu pale swali linapokosa jibu, au hutoa namba yoyote ili kuridhisha? Wa tatu ni uaminifu kwa data: je, kitendakazi kinahifadhi tofauti zilizopo katika data, kama vile tofauti kati ya sifuri na kutokuwapo kwa taarifa?

3.0 Wastani, Mediani na Modi: Jina na Ahadi Yake

Kwa orodha ya mwaka 2012, wastani ni 307,253 baada ya kukadiriwa kwa namba nzima. Vitendakazi vyote vilivyohakikiwa vinakubaliana juu ya namba hii. Hata hivyo, hakuna eneo hata moja la Kagera lenye idadi hiyo ya watu. Wastani ni namba inayozungumzia orodha nzima bila kumzungumzia yeyote aliyemo. Muleba inauvuta juu, na Manispaa ya Bukoba inauvuta chini.

Mediani inaonesha ugumu wa aina nyingine. Orodha ina namba nane, kwa hiyo haina namba moja ya katikati. Katikati kuna mbili: Ngara yenye watu 320,056 na Kyerwa yenye watu 321,026. Vitendakazi vya R, NumPy, pandas na Excel huchukua nusu ya jumla yao na kurejesha 320,541, ambayo nayo si ya wilaya yoyote. Hapa ndipo moduli ya takwimu ya Python inapostahili sifa. Moduli hiyo, iliyopendekezwa na Steven D'Aprano na kuingizwa katika toleo la 3.4 la mwaka 2014, ina, miongoni mwa vingine, vitendakazi vitatu tofauti: mediani ya kawaida, mediani ya chini na mediani ya juu. Mediani ya chini hurejesha 320,056, yaani Ngara yenyewe. Anayetaka wilaya halisi ya kuifanyia utafiti wa kina kwa kuwa iko katikati ya mkoa, anapata jina la mahali anapoweza kwenda. Anayetaka kipimo cha kihesabu naye anapata chake. Majina matatu yanamlazimisha mtumiaji kujiuliza anataka nini kabla ya kuuliza.

Modi ndiyo inayotoa fundisho kali zaidi. Modi ni namba inayojirudia mara nyingi kuliko nyingine. Katika orodha ya mwaka 2012 hakuna namba inayojirudia, kwa hiyo swali la modi halina jibu lenye maana. Excel hukataa na kurejesha alama ya kosa. Python nayo, tangu toleo la 3.4 hadi la 3.7, ilikataa kwa kutoa hitilafu. Kuanzia toleo la 3.8, msimamo ulibadilishwa: namba kadhaa zinapolingana kwa idadi ya kujirudia, kitendakazi hurejesha ile iliyotangulia katika orodha. Kwa kuwa Jedwali Na. 1 linaanza na jina linalotangulia kwa alfabeti, modi ya idadi ya watu mkoani Kagera inakuwa 323,486, yaani Biharamulo. Orodha hiyohiyo ikianza na Karagwe, modi inakuwa 332,020. Ikianza na Ngara, inakuwa 320,056.

Biharamulo haikupata nafasi hiyo kwa sababu ya watu wake, bali kwa sababu ya herufi yake ya kwanza. Jibu linalobadilika kwa kubadilisha mpangilio wa majina si muhtasari wa data. Ni muhtasari wa mpangilio. Mabadiliko hayo yana utetezi wake, kwani hitilafu ilikuwa ikikatisha programu zilizohitaji jibu lolote miongoni mwa yanayolingana. Aidha, toleo hilohilo la 3.8 liliongeza kitendakazi cha modi nyingi, ambacho kwa orodha hii kingerejesha namba zote nane na kwa njia hiyo kusema ukweli wote. Lakini jina fupi na linalofahamika zaidi ndilo lililobaki na jibu lisiloaminika. Katika R hali ni ya kutatanisha kwa namna nyingine: kitendakazi chenye jina la modi hakihusiani na takwimu kabisa, bali hurejesha aina ya uhifadhi wa data. Mtumiaji asiyejua hilo huuliza habari za watu na kujibiwa kuwa kilichomo ni namba.

4.0 Machaguo-msingi: Mkengeuko Sanifu na Robo

Chaguo-msingi ni uamuzi unaotumika pale mtumiaji anaponyamaza. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo, na machaguo-msingi ni nguo za kuazima: yameshonwa kwa kipimo cha mwingine.

Mkengeuko sanifu unadhihirisha hili. Kanuni yake ina matawi mawili. Orodha ikiwa ni ya wote wanaohusika, jumla ya mikengeuko ya mraba hugawanywa kwa idadi ya namba. Orodha ikiwa ni sampuli tu, hugawanywa kwa idadi hiyo pungufu ya moja. Maeneo manane ya mwaka 2012 si sampuli. Ndiyo Kagera yote. Kwa hiyo kigawanyo kinachofaa ni nane, na jibu ni 111,044. NumPy hurejesha namba hiyo, kwani chaguo-msingi lake ni kugawa kwa idadi kamili. R na pandas hugawa kwa saba na kurejesha 118,711. Tofauti ni watu 7,667, takribani asilimia 6.9 ya jibu linalofaa.

Haifai kuhitimisha kwamba NumPy ni bora. Orodha ingekuwa ya vijiji vichache vilivyochaguliwa wilayani Ngara ili viwakilishe wilaya nzima, hukumu ingegeuka na R ingekuwa sahihi. Kinachohakikiwa ni ukimya. NumPy na pandas hutumia jina lilelile kwa matawi mawili tofauti ya kanuni, na mwandishi anayehamisha msimbo kutoka maktaba moja hadi nyingine hapati onyo lolote. Python na Excel zimefanya vema zaidi: kila moja ina majina mawili, moja la sampuli na jingine la jamii nzima. Mtumiaji hawezi kuandika jina bila kuchagua upande.

Robo ya kwanza, yaani namba ambayo robo ya orodha iko chini yake, ina utata mkubwa zaidi. Rob Hyndman na Yanan Fan, katika makala yao ya mwaka 1996, waliorodhesha fasili tisa zilizokuwa zikitumika katika programu za takwimu. R inazo zote tisa na humruhusu mtumiaji kutaja namba ya fasili anayoitaka. Chaguo-msingi la R na NumPy linatoa robo ya kwanza ya 267,931 kwa orodha ya mwaka 2012. Chaguo-msingi la Python, kwa orodha hiyohiyo, linatoa 224,398. Tofauti ni watu 43,533, na hakuna aliyekosea hesabu. Katika orodha hii fupi, maeneo yaliyo chini ya robo ya kwanza ni yaleyale kwa fasili zote mbili: Manispaa ya Bukoba na Missenyi. Hata hivyo, namba inayochapishwa hutumiwa na wengine kama kizingiti, na kizingiti kilichochapishwa bila fasili yake hakiwezi kurudiwa na mtafiti mwingine. Kwa mtahini, hili linagusa sharti la msingi la utafiti, yaani uwezekano wa kuthibitishwa.

5.0 Sifuri, Pengo na Orodha Tupu

Tuchukulie kwamba namba ya Biharamulo ya mwaka 2012 haikuingizwa katika faili. Namba saba zilizobaki zina jumla ya 2,134,537. Wastani wa orodha hii yenye pengo ni nini?

R hujibu kwamba haijulikani, na huendelea kujibu hivyo hadi mtumiaji aagize kwa maneno kwamba pengo liondolewe. Pandas huliondoa pengo bila kuagizwa na kurejesha 304,934. Excel hufanya vivyo hivyo seli ikiwa tupu. Lakini ikiwa aliyeingiza data alijaza sifuri mahali pa pengo, kama inavyotokea katika fomu nyingi, vitendakazi vyote hurejesha 266,817 bila kusita. Wastani halisi ni 307,253. Hivyo basi, kosa moja la uingizaji lina majibu matatu, na lililo aminifu zaidi ni lile linalosema kuwa jibu halipo.

Hali ya jumla ni mbaya zaidi. Pandas ikiombwa jumla ya orodha yenye pengo hurejesha 2,134,537, na mkoa unapoteza watu 323,486 kimyakimya. Maktaba hiyohiyo, kwa pengo hilohilo, imeshika misimamo miwili: katika wastani pengo linachukuliwa kuwa halipo, katika jumla matokeo ni yaleyale ambayo yangepatikana kama Biharamulo ingekuwa na watu sifuri. Orodha yote ikiwa mapengo matupu, jumla yake katika pandas ni sifuri. Wilaya ambayo haikuleta taarifa inafanana na wilaya isiyo na kitu cha kutolea taarifa.

Tofauti hii si ya kinadharia. Vituo vya kutolea huduma za afya nchini Tanzania hutuma taarifa za MTUHA kupitia mfumo wa DHIS2, ambao Chuo Kikuu cha Oslo ndicho kinachoongoza uendelezaji wake. Katika mfumo huo, sifuri haihifadhiwi kwa kawaida isipokuwa kipengele cha data kimewekewa agizo la kuihifadhi. Lengo ni kupunguza ukubwa wa hifadhi, na kwa jumla za kila mwezi agizo hilo halina madhara. Lakini kwa wastani lina madhara makubwa. Zahanati iliyohesabu na kukuta hakuna mgonjwa imefanya kazi. Zahanati ambayo haikuleta ripoti huenda imefungwa, imekosa fomu, au imekatikiwa na barabara. Kitendakazi cha wastani kikiyaona mambo haya kuwa kitu kimoja, kimefuta habari ambayo msimamizi wa wilaya aliihitaji kuliko wastani wenyewe.

Orodha tupu ni kipimo cha mwisho cha ukataaji. Moduli ya takwimu ya Python hutoa hitilafu ikiombwa wastani wa orodha tupu. NumPy hutoa onyo na kurejesha alama ya kitu kisicho namba. R ikiombwa namba kubwa kuliko zote katika orodha tupu hutoa onyo na kurejesha ukomo hasi. Miongoni mwa misimamo hii, wa Python ndio ulio wazi zaidi, kwa kuwa onyo hupita katika skrini na kusahaulika, ilhali hitilafu humsimamisha mwandishi.

6.0 Uzito: Nani Anahesabiwa Mara Ngapi

Wastani wa kawaida humpa kila mwanaorodha uzito sawa. Kati ya mwaka 2002 na 2012, idadi ya watu iliyoandikwa kwa jina la Ngara ilipungua kwa asilimia 4.44, na ile ya Biharamulo kwa asilimia 21.25. Kitendakazi cha wastani kikipewa asilimia hizo mbili hurejesha upungufu wa asilimia 12.85. Lakini wilaya hizo mbili kwa pamoja zilikuwa na watu 745,733 mwaka 2002 na 643,542 mwaka 2012, upungufu wa asilimia 13.70. Wastani wa asilimia si asilimia ya jumla, kwa sababu Biharamulo ilikuwa kubwa kuliko Ngara na ilistahili uzito mkubwa zaidi.

Kagera ina mfano unaojulikana sana na watafiti katika suala hili. Utafiti wa Afya na Maendeleo wa Kagera, ulioendeshwa na Benki ya Dunia na Chuo cha Muhimbili kati ya mwaka 1991 na 1994, ulihoji kaya zaidi ya 900 katika jumuiya 51 za wilaya zote za mkoa, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Ulikusudia kupima athari za vifo vya watu wazima katika kipindi cha janga la UKIMWI. Kwa sababu hiyo, kaya zilizoelekea kupatwa na vifo hivyo zilichaguliwa kwa wingi kuliko uwiano wake katika jamii. Huo ulikuwa uamuzi sahihi wa kiutafiti, kwani bila hivyo kaya hizo zingekuwa chache mno kuchunguzwa. Lakini anayechukua safu ya matumizi ya kaya na kuipitisha katika kitendakazi cha wastani bila uzito hapati hali ya kaya ya Kagera. Anapata hali ya kaya iliyochaguliwa kwa sababu ya msiba.

Kwa mizani ya uwazi, vitendakazi vinatofautiana. R ina kitendakazi maalumu cha wastani wenye uzito. NumPy ina vitendakazi viwili vyenye majina yanayokaribiana kimaana, kimoja kinakubali uzito na kingine hakikubali, na jina halimwambii mgeni kipi ni kipi. Python ilichelewa: kigezo cha uzito kiliongezwa katika kitendakazi chake cha haraka cha wastani katika toleo la 3.11. Ucheleweshaji huo unaonesha fikra iliyokuwa nyuma ya muundo, kwamba orodha ni orodha tu, na kila kilichomo kinasimama kwa mtu mmoja.

7.0 Kile Ambacho Orodha Haikibebi

Hadi hapa uhakiki umehusu vitendakazi. Upo upungufu mwingine unaotangulia kitendakazi, nao uko katika orodha yenyewe.

Wastani wa idadi ya watu kwa eneo ulikuwa 338,981 mwaka 2002 na 307,253 mwaka 2012. Anayesoma namba hizo mbili peke yake ataona upungufu wa watu 31,728 kwa kila eneo. Katika kipindi hichohicho, idadi ya watu wa mkoa iliongezeka kwa 424,135, sawa na asilimia 20.9. Ukilinganisha majina sita yaliyomo katika sensa zote mbili, manne yanaonesha kupungua, na wastani wa mabadiliko ni upungufu wa watu 16,587. Kila moja ya namba hizi ni sahihi kihesabu, na kila moja inapotosha.

Sababu iko katika historia ya mipaka. Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo na baadaye ikawekwa katika Mkoa mpya wa Geita mwaka 2012. Katika sensa ya mwaka huo Chato ilikuwa na watu 365,127. Biharamulo na Chato kwa pamoja zilikuwa na watu 688,613, idadi iliyo mbali sana juu ya 410,794 ya mwaka 2002. Vivyo hivyo, Kyerwa ilitoka Karagwe, na kuundwa kwa Missenyi kuliipunguza Bukoba Vijijini. Biharamulo ya mwaka 2002 na Biharamulo ya mwaka 2012 zina jina moja, lakini si kitu kimoja. Haikupoteza watu, ilipoteza eneo.

Ngara ina historia yake. Mwaka 2002 wilaya hiyo ilikuwa na kambi ya Lukole ya wakimbizi kutoka Burundi. Mwaka 2012 kambi hiyo haikuwapo tena. Namba 334,939 na 320,056 zikiwekwa katika orodha moja, habari hiyo haiingii pamoja nazo. Kitendakazi kinapokea namba mbili na kutoa tofauti ya 14,883. Hakina mahali pa kuuliza ni nani waliohesabiwa na walikuwa wakiishi wapi.

Hakuna kitendakazi kinachoweza kulaumiwa kwa kutojua historia ya Kagera. Hata hivyo, muundo wa kupokea orodha tupu ya namba, isiyo na majina, tarehe wala mipaka, ndio unaomwezesha mwandishi wa programu kusahau kwamba mambo hayo yapo. Namba inapovuliwa jina la mahali, inakuwa rahisi kujumlishwa na isiyofanana nayo.

8.0 Hoja Pinzani na Tathmini

Inaweza kudaiwa kwamba uhakiki huu unakitaka kitendakazi saidizi kibebe mzigo usio wake. Thamani ya kitendakazi cha aina hii ni wepesi. Kikidai vigezo sita kabla ya kutoa wastani, hakisaidii tena. Vilevile, programu inayotoa muhtasari wa taarifa za vituo vyote vya wilaya kila mwezi haiwezi kusimama kwa sababu ya zahanati moja iliyochelewa. Ikisimama, wilaya nzima inakosa ripoti.

Hoja hizi zina uzito na zinastahili kujibiwa kwa muundo. Kwanza, ukataaji hauna maana ya kukatika kwa programu. Kitendakazi kinaweza kurejesha jibu pamoja na hali ya jibu: namba ngapi zilitumika, ngapi zilikosekana, na ngapi zilikuwa sifuri. Ripoti inayosema wastani ni 304,934 kwa maeneo saba kati ya manane inatoka kwa wakati na haimdanganyi mtu. Pili, uwazi hauhitaji vigezo vingi. Mara nyingi unahitaji majina mawili badala ya moja, kama Python na Excel zilivyofanya kwa mkengeuko sanifu. Tatu, uamuzi ambao hauna chaguo la haki kwa watumiaji wote usiwe na chaguo-msingi. Kati ya sampuli na jamii nzima, mwenye kujua ni yule aliyekusanya data, si yule aliyeandika maktaba.

Kwa mizani mitatu iliyowekwa, moduli ya takwimu ya Python inaongoza katika uwazi wa mediani na mkengeuko sanifu na katika ukataaji wa orodha tupu, lakini imerudi nyuma katika modi. R inaongoza katika uaminifu kwa mapengo na katika kutaja fasili za robo. Pandas ndiyo nyepesi kuliko zote kwa kazi za ofisi, na ndiyo inayohitaji tahadhari zaidi pale taarifa zinapokuwa na mapengo. Excel, ambayo mara nyingi hudharauliwa na waandishi wa programu, inashinda lugha hizo katika jambo moja: inakataa kutaja modi isiyokuwapo.

9.0 Hitimisho

Makala yamehakiki vitendakazi saidizi vya muhtasari kwa kuvipa orodha ambayo kila namba yake ina mahali na historia. Imebainika kuwa tofauti kati ya majibu ya vitendakazi hivyo haitokani na makosa ya hesabu, bali na uamuzi kuhusu katikati, uzito, pengo na ukamilifu wa orodha. Uamuzi huo ukioneshwa, mtafiti anaweza kuukubali au kuupinga. Ukifichwa, unapita katika ripoti kama ukweli usio na mwandishi.

Kwa watafiti wanaotumia msimbo katika tasnifu zao, matokeo haya yana madai mahususi. Kila wastani uandikwe pamoja na idadi ya namba zilizotumika na zilizokosekana. Kila mkengeuko sanifu utajwe kuwa ni wa sampuli au wa jamii nzima, na kila robo itajwe kwa fasili yake. Kila ulinganisho wa miaka utanguliwe na uthibitisho kwamba majina yanayolinganishwa yana mipaka ileile. Kwa watahini, swali la kuuliza si tu iwapo jibu ni sahihi, bali ni kitendakazi gani kilichojibu, na kilinyamazia nini. Swali hilo likiulizwa juu ya Biharamulo ya sensa hizi mbili, jibu lake ni Chato, na watu 365,127 ambao kutoa namba mbili za jina moja kusingewaonesha kamwe.